Kupatana Si Tabia ya Samaki

Wauzaji wa samaki wa mapambo wana desturi ya kuwagawa mafungu mawili: wapole na wakali. Mnunuzi mgeni huelekezwa kwenye fungu la kwanza, akaambiwa achanganye humo apendavyo, kisha akarudi nyumbani na mfuko wa plastiki uliojaa rangi. Mgawanyo huu unapendwa kwa sababu unakumbukika upesi. Lakini unamfundisha mfugaji jambo lisilo kweli, kwamba upole umo ndani ya samaki kama milia ilivyo katika ngozi yake, na kwamba ukishakusanya wapole watupu kazi imekwisha. Sura hii inatetea rai nyingine. Samaki hupatana au hugombana kulingana na kile wanachogawana: maji, chakula, mahali pa kujificha, mahali pa kutagia. Yabadilishe hayo, na samaki yule yule atabadilika mwenendo.

Ushahidi ulio karibu ni Puntigrus tetrazona, samaki mdogo wa milia minne myeusi, asili yake Sumatra na Borneo, anayeuzwa takriban kila mahali wanapouzwa samaki wa mapambo. Amepata sifa mbaya ya kunyofoa mapezi ya wenzake, hasa wale wa mapezi marefu na mwendo wa taratibu. Sifa hiyo ni ya kweli wanapofugwa wawili au watatu. Wakiwa kumi au zaidi katika tangi refu, sehemu kubwa ya kukimbizana kwao hubaki baina yao wenyewe, maana huyu ni samaki wa kundi, na ndani ya kundi kuna vyeo vya kugombewa kila siku. Akikosa wa kugombea naye cheo, humgeukia jirani asiyehusika. Hata akiwa katika kundi kubwa nisingependa kumwona pamoja na samaki wa mapezi marefu, lakini tofauti kati ya hali hizo mbili ni kubwa, na imeletwa na idadi tu.

Tazama pia Betta splendens wa Thailand, ambaye madume wake wawili hawawekwi katika tangi moja. Katika madimbwi na mashamba ya mpunga anakotoka, anayeshindwa huondoka, na ugomvi huishia hapo, kwa kuwa mshindi alitaka eneo wala hakuwa na haja ya kuua. Ndani ya kuta nne za kioo aliyeshindwa hana pa kwenda. Anabaki mbele ya macho ya mshindi, na kila anapoonekana huwa kama amerudi kudai pambano jipya. Sisemi kwamba damu haina nafasi. Hawa wanaouzwa leo wametokana na vizazi vilivyochaguliwa kwa ajili ya mapigano, na ukali wao umezidishwa na mkono wa binadamu. Lakini hata ukali wa kurithi huua kwa sababu njia ya kukimbilia imezibwa, na wanaoiziba ni sisi tulionunua tangi.

Kitu cha kwanza kinachogawanywa ni maji yenyewe, nacho ndicho kinachosahauliwa zaidi kwa kuwa hakionekani. Samaki wa maji baridi ana chumvi nyingi mwilini kuliko maji yanayomzunguka. Kwa hiyo maji humwingia bila kukoma kupitia matamvua, naye huyatoa kwa mkojo mwingi, huku akivuta chumvi kutoka nje kupitia matamvua hayo hayo ili kufidia anayopoteza. Kazi hiyo haina mapumziko, na mwili wa kila aina umejengwa kuifanya katika maji ya namna fulani. Paracheirodon axelrodi, yule mwekundu mwenye mstari wa buluu unaong'aa, hutoka Rio Negro, ambako maji ni laini kabisa na pH yake hushuka hadi chini ya 5. Sikilidi wa Ziwa Tanganyika, walio wa ukoo mmoja na sato na perege, huishi katika maji yenye madini na magadi ambayo pH yake inakaribia 9. Kila hatua moja ya pH ni tofauti ya mara kumi, kwa hiyo kati ya 5 na 9 kuna tofauti ya mara 10,000. Hakuna maji ya katikati yatakayowafaa wote wawili. Ukiyaweka kwenye 7, umewanyima wote.

Maji hayo pia huamua kosa dogo litagharimu nini. Kinyesi na mabaki ya chakula hutoa amonia, na sehemu ya amonia hiyo iliyo katika hali ya sumu kali hutegemea pH. Katika nyuzijoto 25, maji yakiwa na pH 7, sehemu hiyo haifiki asilimia 1. Kwenye pH 8 hufika kama asilimia 5, na kwenye pH 9 huvuka asilimia 30. Mfugaji wa samaki wa Tanganyika anayelisha kupita kiasi kwa siku mbili anaweza kuona vifo ambavyo mwenzake wa samaki wa Amazon, kwa kosa lile lile, asingeviona. Ndiyo maana tangi jipya, ambalo bakteria wake wa kuvunja amonia huhitaji wiki kadhaa kujijenga kwenye kichujio, lisijazwe kwa siku moja, na lile la maji ya magadi linahitaji subira zaidi.

Basi uchaguzi mzuri huanzia bombani. Zanzibar na Mombasa, maji ya visima yaliyopita katika mwamba wa matumbawe hutoka yakiwa magumu. Sehemu kubwa ya maji ya bomba ya Nairobi hutoka upande wa milima ya Aberdare, nayo ni laini zaidi. Kando ya Mlima Meru kuna chemchemi zenye magadi na floridi kwa wingi. Vipimo vya pH na ugumu vya kutumbukiza majini vinapatikana, lakini hata birika la nyumbani linatoa ushahidi: likiwa na utando mweupe mgumu ndani baada ya wiki chache za kuchemshia maji, maji ni magumu, na mwenye nyumba hiyo ana kila sababu ya kufikiria maziwa yetu makuu kabla ya kufikiria Brazil. Kuyafuata maji uliyo nayo ni rahisi na salama kuliko kuyageuza kila wiki kwa dawa, kwa sababu anayeyageuza kwa dawa siku moja atasahau.

Mfugaji mzoefu atapinga hapa, na pingamizi lake lina uzito. Atasema kwamba samaki wengi wanaouzwa leo hawajawahi kuona mto wa babu zao. Wamezaliwa kwenye mashamba ya Asia, kizazi baada ya kizazi, katika maji ya bomba au ya visima, na wamezoea. Ni kweli kwa kiasi kikubwa. Pterophyllum scalare, samaki yule mwembamba mwenye umbo la pembetatu, huishi vizuri katika maji ambayo ndugu zake wa Amazon wasingeyakuta, na kwa samaki kama huyo ningeona heri maji tulivu yasiyo kamili kuliko maji kamili yanayoyumba. Lakini mazoea hayo yana mipaka miwili. Kwanza, samaki mzima huvumilia maji ambayo mayai yake hayawezi: aina nyingi za maji laini huishi katika maji magumu lakini mayai yao hayaanguliwi vizuri humo. Pili, shamba hubadilisha uvumilivu wa mwili bila kufuta silika. Pterophyllum aliyezaliwa shambani, akikua hadi sentimita 15, atammeza neon, ndugu mdogo wa yule Paracheirodon, wa sentimita 3 aliyezaliwa katika shamba la jirani, ingawa wote wawili hawajaujua mto. Anayetumia hoja ya ufugaji kutetea mchanganyiko wowote ule amechukua ukweli kuhusu figo na matamvua akaupeleka kwenye kinywa.

Tuseme maji yamekubaliana. Je, samaki wa ziwa moja watapatana kwa kuwa ni wa ziwa moja? Ziwa Tanganyika linajibu swali hili vizuri kuliko mahali pengine popote ninapopafahamu. Lina kina cha mita 1,470, linagawanywa na Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia, na ndani yake kuna aina zaidi ya 200 za sikilidi, karibu zote zisizopatikana kwingine duniani. Miongoni mwao yumo Perissodus microlepis, ambaye chakula chake ni magamba ya samaki wengine. Hunyemelea kutoka nyuma, akakwangua ubavu, akakimbia. Kinywa chake kimepinda upande: wengine wamepinda kushoto, wengine kulia, na kila mmoja hushambulia ubavu unaolingana na kinywa chake. Mwaka 1993 mtafiti Michio Hori alionyesha katika jarida la Science kwamba idadi ya pande hizi mbili hupanda na kushuka ikizunguka nusu kwa nusu, kwa sababu windo hujifunza kulinda upande unaoshambuliwa mara nyingi. Samaki huyu anatumia maji yale yale, mwamba ule ule na joto lile lile na majirani zake, na riziki yake ni ngozi zao.

Mfano wake ni wa kupindukia, lakini upo wa kawaida unaowaponza wafugaji mara nyingi zaidi. Cyphotilapia frontosa, mwenye nundu kichwani na milia mipana, ni samaki wa mwendo wa heshima, asiye na papara, na wauzaji humweka bila wasiwasi katika fungu la wapole. Anakua kufikia sentimita 30. Ziwani huwala Cyprichromis, samaki wembamba wa maji ya juu, akiwakuta wamezubaa gizani. Mnunuzi anayewaweka pamoja akijivunia kwamba ametengeneza Tanganyika halisi sebuleni kwake, kwa hakika ameitengeneza, pamoja na chakula cha usiku. Yupo pia Tropheus, mkwanguaji wa mwani mwenye utumbo mrefu wa mla majani. Ukimfuga na walaji nyama itakubidi uchague umlishe nani vizuri. Chakula kizito cha nyama kinachowafaa majirani zake kimehusishwa na uvimbe wa tumbo ambao umewamaliza Tropheus wengi wa kufugwa. Hapa hakuna aliyempiga mwenziwe hata mara moja, na bado hawakupatana.

Kwa hiyo ninashauri kuchagua samaki kwa kazi zao. Muuza nyanya hagombani na fundi viatu aliyekaa naye baraza moja. Wauza nyanya wawili ndio hukodoleana macho. Tangi la urefu wa sentimita 120, lenye lita 200 hivi, linaweza kubeba riziki tatu za Tanganyika zisizoingiliana. Upande mmoja, juu ya mchanga, tandaza makombe matupu ya konokono kwa ajili ya Neolamprologus multifasciatus, mmoja wa sikilidi wadogo kuliko wote, asiyezidi sentimita 5. Ziwani huishi katika makombe ya konokono Neothauma, na dunia yake yote ni kombe na kiganja cha mchanga kulizunguka. Upande wa pili panga mawe yenye nyufa nyembamba kwa ajili ya jozi moja ya Julidochromis ornatus, ambao hutaga na kulea ndani ya nyufa na hawapendi kutoka mbali nazo. Juu yao wote acha maji wazi kwa kundi la Cyprichromis leptosoma, walaji wa wadudu wadogo wanaoelea, ambao huatamia mayai kinywani na hivyo hawadai hata shubiri moja ya ardhi. Acha mchanga mtupu kati ya mawe na makombe, maana mpaka usioonekana ndio unaovukwa, na funika tangi, maana Cyprichromis huruka. Mpangilio huu hautegemei upole wa yeyote. Julidochromis ni mkali akilinda ufa wake, na yule mdogo wa makombe humkabili hata mkono wa binadamu. Wanaishi pamoja kwa sababu anachokilinda mmoja hakimfai mwingine.

Mwenye maji laini anaweza kufuata kanuni hiyo hiyo kwa njia fupi zaidi: Carnegiella karibu na uso wa maji, kundi la neon katikati, na Corydoras, kambare wadogo wa kundi, wakitafuta chakula chini. Wote ni wa Amerika ya Kusini, wote wana vinywa vidogo, na hakuna anayelala kitandani kwa mwenzake. Corydoras wasihesabiwe kama wazoa takataka. Wanahitaji kulishwa chakula chao, kichache na cha kuzama.

Dhidi ya hoja hii kuna jambo linalofanyika duniani kote na kufanikiwa. Wafugaji wa mbuna, sikilidi wa miamba wa Ziwa Nyasa, huwajaza kwa makusudi. Mbuna wote huishi kwa miamba na wengi wao hula mwani, yaani ni wauza nyanya watupu, na bado matangi yenye thelathini au arobaini kati yao hutulia kuliko matangi yenye sita. Je, hilo halivunji kanuni? Linaifafanua. Katika msongamano hakuna dume anayeweza kushika eneo na kulilinda, na mashambulizi hutawanyika juu ya wengi badala ya kumwangukia mmoja. Kinachogombewa kimeondolewa kwa kufanywa kisishikike. Njia hiyo ni halali, lakini ina bei: vichujio vyenye nguvu, kubadilisha sehemu kubwa ya maji kila wiki, na umeme usiokatika, kwa sababu saa chache bila pampu katika tangi lililojaa kiasi hicho, tena la maji ya magadi, zinatosha kuleta msiba. Kwa nyumba ambayo umeme huyumba, siwezi kuipendekeza. Isitoshe, haihamishiki. Ukiwajaza Julidochromis vile vile, jozi moja itakayoungana itawamaliza wengine mmoja mmoja.

Rangi nayo, ambayo mnunuzi huichagua kwa ajili ya macho yake, ina maana nyingine kabisa kwa samaki. Pundamilia nyererei wa Ziwa Victoria, aliyeelezwa kisayansi mwaka 1985 na kupewa jina la Mwalimu Julius Nyerere, ana dume mwenye mgongo mwekundu. Ndugu yake Pundamilia pundamilia, dume wake ana rangi ya kijivu na buluu. Wote wawili hukaa kwenye visiwa vya mawe vya Ghuba ya Mwanza. Majike huchagua mume kwa rangi. Ole Seehausen na wenzake walionyesha mwaka 1997 kwamba pale ambapo maji ya ziwa yamechafuka na rangi hazionekani vizuri, aina hizi hufifia na kuchanganyika. Na katika maabara, chini ya taa inayoficha tofauti ya nyekundu na buluu, majike walipoteza uchaguzi wao. Madume nao huelekeza ukali zaidi kwa dume mwenye rangi inayofanana na yao. Kwa mwenye tangi, hili lina matumizi ya moja kwa moja. Aina mbili ambazo madume wake wanafanana rangi wasikae pamoja, hata kama hawana undugu wa karibu, kwani kila mmoja atamwona mwenziwe kuwa mpinzani. Na aina mbili za undugu wa karibu wasikae pamoja hata kama wanatofautiana rangi, kwani watazaa machotara. Katika furu, yaani sikilidi hawa wa Victoria, ambao wengi wao walitoweka baada ya sangara kuongezeka kupita kiasi miaka ya 1980, na ambao baadhi wamehifadhiwa kwenye matangi nje ya ziwa, chotara anayeuzwa kwa jina la mzazi mmoja ni hasara ambayo haiwezi kurekebishwa. Ninaliona hili kuwa la maana kuliko mapezi yote yaliyonyofolewa.

Pingamizi la mwisho ndilo gumu kujibu kwa maneno, kwa kuwa linasimama mbele ya macho: fulani amewachanganya wote na mwaka umepita bila kifo. Huenda ni kweli. Lakini samaki huuzwa wakiwa watoto. Astronotus wa sentimita 5 anaweza kuvuka sentimita 30, na yule kambare mkwanguaji wa vioo, Pterygoplichthys, hufikia hata 40. Mwaka mmoja wa amani kati ya watoto hausemi lolote kuhusu watu wazima. Na ukubwa si mabadiliko makubwa kuliko yote; kuzaa ndiko. Neolamprologus brichardi, mwenye mkia wa nyuzi mbili ndefu, jina lake likitokana na Pierre Brichard aliyekuwa akisafirisha samaki wa Tanganyika kutoka Burundi, ni jirani mwema hadi jozi ipatikane. Wakishataga, vifaranga wa kwanza hubaki na wazazi, wakakua, wakawasaidia kulinda wadogo zao. Ziwani familia hiyo hushika kipande cha mwamba. Katika tangi dogo hushika tangi zima, na majirani wa zamani huonekana wamebanana kwenye pembe za juu, wakihema karibu na uso wa maji. Mwenye kumtaka samaki huyu ampe tangi lake mwenyewe, au awe na tangi la pili lililo tayari, lenye kichujio kilichokomaa, kabla ya mayai ya kwanza.

Wanaolazimika kuhamishwa warudishwe dukani au wapewe mfugaji mwingine mwenye maji yanayofanana. Wasimwagwe mtoni wala ziwani, hata kama ni samaki wa ziwa hilo hilo. Tropheus moorii wa Tanganyika hubadilika rangi kutoka ufuko hadi ufuko, kwa sababu hawapendi kuvuka maji marefu na kila jamii imekaa kwenye miamba yake kwa muda mrefu mno. Tropheus aliyenunuliwa dukani Kigoma anaweza kuwa ametolewa pwani iliyo mbali sana na hapo, na hata muuzaji huenda hajui ni ipi.